Karafuu, Mwani na Kazi ya Nyumbani Kisiwani Pemba

Watu wengi hudhani ya kuwa nyumba ni mahali pa kupumzikia, na kwamba kazi ya ujira ni jambo la nje: la shambani, bandarini, kiwandani au ofisini. Mtu hutoka asubuhi akarudi jioni, na kizingiti cha mlango wake ndicho mpaka baina ya saa za tajiri na saa zake mwenyewe. Katika kisiwa cha Pemba mpaka huo haukupata kuwa imara. Kwa zaidi ya miaka 100 zao kubwa la kisiwa hicho limekuwa likichumwa shambani, lakini sehemu kubwa yake ikichambuliwa barazani, ikianikwa uani na kukimbizwa ndani mvua inaponyesha. Jambo ambalo mataifa mengi yalilistaajabia mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia makarani na walimu majumbani pamoja na kazi zao, lilikuwa la zamani kwa mwanamke wa Pemba. Pahali pa kulia chakula kugeuka pahali pa kazi, mtoto kulilia kubebwa na kazi haijesha, usiku kuliwa na shughuli za mchana: hayo yote aliyajua pasipo mtu kumwuliza.

Walakini kulijua jambo si sawa na kuhesabiwa ndani yake. Historia ya Pemba yauliza swali moja kwa kila kizazi: kazi inapoingia nyumbani, ni nani aifanyaye, na ni nani aandikwaye kuwa ameifanya? Majibu ya maswali hayo mawili yamekuwa mbalimbali tangu siku za watumwa hadi siku hizi za mwani, na katika tofauti hiyo ndimo lilimo jambo lenyewe.

Pemba iko kaskazini ya Unguja, mwendo wa kilomita 50 hivi baharini. Waarabu wa kale waliiita Jazirat al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani. Upande wa magharibi una vilima vingi vyenye udongo mzito na mabonde ya mpunga. Upande wa mashariki, na hasa kaskazini-mashariki, una uwanda wa mawe na udongo haba. Kabla ya karafuu, sifa ya Pemba ilikuwa mchele wake. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Wafaransa waliupeleka Mauritius na Réunion katika karne ya 18, na mapema katika karne ya 19 ukafika Unguja. Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja na kufariki mwaka 1856, aliwahimiza watu wake waupande. Kisha, mwezi wa Aprili 1872, tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikudhurika sana. Bei ya karafuu ikapanda, watu wakakimbilia vilima vya Pemba kupanda miche, na tangu wakati huo kisiwa hicho ndicho kitoacho sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Ili kufahamu namna kazi ilivyoingia nyumbani yapasa kwanza kufahamu tabia ya karafuu yenyewe. Karafuu ni tumba la ua lisilochanua. Sharti ichumwe baada ya kujaa na kuanza kuwa nyekundu, lakini kabla haijafunguka. Ikisha kuchanua thamani yake hupotea. Mti mmoja hauivi wote kwa siku moja, basi mchumaji huurudia tena na tena. Hupanda na kikapu chake na kamba, akalivuta tawi kwa ngoe, akavunja vishada pamoja na vikonyo vyake. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, na kila msimu una habari zake za watu walioanguka.

Jua linapokuchwa kazi ya mchumaji huwa imekwisha, lakini kazi ya karafuu ndiyo kwanza yaanza. Vishada vibichi vikilundikwa usiku kucha hupata joto na kuharibika, kwa hiyo yafaa vichambuliwe usiku uo huo. Mchambuaji hukishika kishada kwa mkono mmoja na kukisukuma juu ya kiganja cha mkono wa pili mpaka tumba zikaachana na kikonyo. Tumba huanguka upande mmoja wa jamvi, makonyo upande wa pili. Na makonyo nayo hayatupwi, kwani hukaushwa na kuuzwa, na mafuta hutolewa ndani yake. Asubuhi karafuu huanikwa. Jua likiwa zuri hukauka kwa siku 4 au 5. Mawingu yakitanda huchukua wiki nzima na zaidi. Wakati wote huo sharti awepo mtu wa kuzigeuza, wa kufukuza kuku na mbuzi, na wa kuyakunja majamvi na kukimbia nayo wingu linapotokea. Zikisha kukauka, uzito wake huwa karibu na theluthi moja tu ya uzito zilipokuwa mbichi.

Hivyo kazi moja ina sehemu mbili. Sehemu ya juu ya mti huonekana, ina hatari, na kwa kawaida ni ya wanaume, ijapokuwa wanawake nao huchuma matawi ya chini. Sehemu ya chini ya paa haionekani, haina hatari ya kuanguka, na kwa kawaida ni ya wanawake, wazee na watoto. Katika mashamba makubwa yenye sakafu za kuanikia, kazi hii ya pili ilifanyiwa papo hapo shambani. Katika mashamba madogo, ambayo Pemba yalikuwa mengi kuliko Unguja, ilikwenda nyumbani.

Katika siku za utumwa swali la nani aifanyaye kazi hiyo halikuwa na utata. Watumwa walichuma, walichambua na kuanika. Ada iliwaachia Alkhamisi na Ijumaa walime vikonde vyao wenyewe, lakini msimu wa karafuu ulipofika mapumziko hayo yalipunguka, kwa kuwa karafuu haingojei. Nyumba ya bwana ndiyo iliyokuwa mahali pa kazi, na mtumwa hakuwa na mlango wake wa kufunga.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Muhammad, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri iliyoondoa nguvu za sheria katika utumwa huko Unguja na Pemba. Amri hiyo ilikuwa na masharti mawili yanayohusu sana habari hii. La kwanza, masuria hawakuachwa huru pamoja na wengine. Walisubiri mpaka mwaka 1909. Kazi yao, iliyokuwa ya ndani ya nyumba kabisa, ilihesabiwa kuwa ni jambo la ndoa na unyumba, si jambo la utumwa. La pili, mtu aliyepewa uhuru wake mahakamani alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujipatia riziki. Asipoweza, angehesabiwa mzururaji. Yaani uhuru wenyewe ulifungwa kwenye nyumba. Mtu asiye na nyumba hakuwa huru barabara, na nyumba ilipatikana wapi isipokuwa katika shamba la mwenye mikarafuu?

Basi wengi walibaki mashambani. Walipewa pahali pa kujenga na kulima muhogo, nao wakapalilia mikarafuu ya mwenye shamba. Na wakati wa mavuno walilipwa kwa pishi. Kipimo hiki cha pishi chastahili kuangaliwa kwa makini. Hakipimi saa, wala hakipimi watu. Chapima kilichojaa tu. Mtu aliyeleta pishi 10 alilipwa pishi 10, hata kama alizichuma yeye peke yake, au mkewe alichuma matawi ya chini, au watoto waliokota zilizoanguka. Ujira ulitiwa katika mkono mmoja, na mikono mingine ikarudi jikoni. Wenye mashamba walipounda chama chao mwaka 1927, kilichojulikana baadaye kwa biashara yake kubwa ya karafuu, ujira wa wachumaji ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakusanya. Lakini ujira huo nao ulizungumzwa kwa pishi, haukuzungumzwa kwa nyumba.

Isidhaniwe hata hivyo ya kuwa kazi ya nyumbani ilikuwa hasara tupu. Kwa watu waliotoka utumwani, au ambao wazazi wao walitoka utumwani, kuwa na baraza yako mwenyewe na kukaa hapo na jirani zako lilikuwa jambo la heshima. Mwanamke aliyechambua karafuu mlangoni pake hakuamrishwa na msimamizi. Angeweza kuacha kazi akasali, akamnyonyesha mtoto, akautazama muhogo uliokuwa motoni. Usiku wa kuchambua ulikuwa na ladha yake: taa moja katikati ya jamvi, harufu kali ya karafuu mbichi iliyowasha macho, majirani wakija kusaidia leo ili wasaidiwe kesho, bibi akisimulia hadithi ili watoto wasisinzie. Mambo mengi ya lugha na desturi yalipokelewa katika vikao hivyo. Tena, sheria ya Kiislamu yampa mke mali yake iwe yake, na yamwajibisha mume kumlisha mkewe. Kwa hiyo senti aliyoipata mwanamke kwa kuwachambulia watu, au kwa kuuza makonyo aliyoachiwa, ilikuwa yake kwa haki.

Walakini ladha hiyo ililipiwa. Mafuta ya taa yalikuwa ya nyumba, wala hayakuwa ya tajiri. Paa lililozificha karafuu mvua iliponyesha lilikuwa la nyumba, na watu waliolala wakijibana penye pembe ya chumba ili majamvi yapate nafasi walikuwa ni watu wa nyumba hiyo. Usingizi uliopunguzwa ulikuwa wa watoto. Imepata kutokea hata shule kufungwa wakati wa mavuno makubwa ili wanafunzi wakachume na kuchambua. Mambo hayo yote ni gharama, na lau karafuu zingechambuliwa katika ghala la mnunuzi, mnunuzi ndiye angeyalipia. Kwa kuwa zilichambuliwa nyumbani, hayakuandikwa popote.

Hata msimu ulipokwisha nyumba haikuacha kuwa mahali pa kazi. Wanawake wa Pemba walisuka ukili wa minyaa wakashona mikeka na majamvi, yakiwemo majamvi hayo hayo ya kuanikia karafuu. Wa pwani walifukia makumbi ya nazi katika matope ya ufuo kwa miezi kadhaa, wakayafukua na kuyaponda, wakasokota kamba za usumba. Wengine, wake kwa waume, walidarizi kofia za mkono, ambazo moja yake huweza kuchukua wiki nyingi za kutoboa na kushona matundu madogo mpaka ua likatokea. Katika kazi hizi mtu wa kati alikuwa mchuuzi: alipita nyumba kwa nyumba, akanunua kwa bei aliyoitaja, akaenda kuuza Unguja, Mombasa au Maskati. Aliyeshona kofia hakumwona mvaaji, wala hakujua kofia yake iliuzwa kiasi gani. Hukaa nyumbani, na habari za soko hazifiki nyumbani upesi.

Pemba haikuwa peke yake katika jambo hili. Uingereza yenyewe, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar tangu 1890, ilikuwa na desturi iyo hiyo tangu zamani. Kabla ya viwanda vikubwa, wafanya biashara waligawa nyuzi katika nyumba za vijijini na kurudi kuchukua nguo zilizofumwa, wakilipa kwa kipande. Viwanda vilipokuja kazi ya namna hiyo haikufa. Iliwabakia wanyonge, na zaidi wanawake. Katika mji wa Cradley Heath wanawake walifua minyororo katika vibanda vya moto nyuma ya nyumba zao, watoto wao wakiwa karibu na cheche. Mwaka 1909 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuweka kima cha chini cha ujira katika kazi chache za namna hiyo, na mwaka 1910 wanawake hao waligoma kwa wiki 10, wakiongozwa na Mary Macarthur, mpaka matajiri wakakubali kulipa kima hicho, nacho ni peni mbili na nusu kwa saa. Neno la kushikwa hapo ni hilo la saa. Kwa mara ya kwanza saa iliyopita nyuma ya nyumba ilitambuliwa kuwa ni saa ya kazi.

Mwaka 1909 ndio mwaka ule ule masuria wa Zanzibar walipopata haki ya kuwa huru. Serikali moja, katika mwaka mmoja, ilianza kuzihesabu saa za mwanamke wa Cradley Heath, na huko Pemba ilifika tu kukiri ya kuwa mwanamke wa ndani ni mtu huru. Kuhesabiwa saa zake kulikuwa mbali bado.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadilisha mambo mengi. Ardhi ilifanywa kuwa ya umma, na kuanzia mwaka 1965 Serikali ya Mapinduzi iligawa mashamba ya eka tatu tatu kwa jamaa zisizokuwa na ardhi. Ununuzi wa karafuu ulikuwa mikononi mwa serikali, na shirika la biashara la taifa lililoanzishwa mwaka 1968 likawa ndilo mnunuzi pekee. Mtu wa eka tatu hakuwa tena kibarua wa mwenye shamba. Mikarafuu ilikuwa ya jamaa, na kuchambua barazani kukawa kuchambua mali yao wenyewe. Hilo lilikuwa badiliko kubwa, wala si haki kulidharau.

Lakini mlangoni hali haikubadilika sana. Karafuu zilizokauka zilipelekwa katika kituo cha kununulia, zikatiwa katika mzani, na fedha akapewa yule aliyeleta gunia, ambaye mara nyingi alikuwa mwenye nyumba. Mzani hausemi gunia lilijazwa na nani. Isitoshe, kwa miaka mingi bei aliyolipwa mkulima ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, na aliyejaribu kuzivusha kwa magendo kwenda Mombasa alikabiliwa na adhabu kali. Upungufu huo wa bei uliingia nyumbani kama vile kazi ilivyoingia: kimya kimya, ukagawanywa baina ya watu ambao majina yao hayamo katika stakabadhi.

Katika miaka ya 1980 likaja pigo jingine. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilikuwa imepanda mikarafuu mingi kiasi cha kujitosheleza. Bei ya dunia ikaanguka vibaya. Msimu wa karafuu ukapungua nguvu yake ya kuilisha Pemba, na vijana wengi wakazidi kuvuka kwenda Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa kufungua maduka. Nyumba nyingi zikaachiwa wanawake, na wanawake hao wakatafuta kazi iliyoweza kufanyika pasipo kuondoka.

Kazi hiyo ilitoka baharini. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameeleza tangu miaka ya 1970 uwezekano wa kupanda mwani katika pwani za Tanzania. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 huko pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Filipino, na muda si mrefu kikaenea Pemba. Mwani hukaushwa na kupelekwa nchi za nje, ambako hutolewa kitu kiitwacho karajinani, kitumikacho kutia uzito katika dawa za meno, vyakula na dawa za hospitali. Safari hii bahati iliufikia upande wa mashariki na pwani zilizonyimwa karafuu. Micheweni, Tumbe na Kisiwa Panza, mahali ambapo udongo ulikuwa haba, palipata zao lao, na leo Pemba ndiyo itoayo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar.

Mwenye kuitazama kazi ya mwani huona karafuu kwa sura nyingine. Sehemu moja hufanyika nje, maji yakipwa: kupiga vigingi, kutandaza kamba, kuvuna baada ya wiki 6 hivi. Sehemu ya pili huja nyumbani: kufunga vipande vya mbegu katika kamba kimoja kimoja, kuanika, kugeuza, kukimbiza ndani mvua inyeshapo, kuchagua takataka na kutia katika magunia. Watoto huwasaidia mama zao kufunga mbegu, na siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, baadhi yao walikosekana darasani. Mwanamke hufuata saa za bahari, naye aweza kutakiwa pwani alfajiri leo na adhuhuri wiki ijayo. Jiko, maji, kuni na mtoto mchanga havifuati saa hizo, lakini vyote vyamngoja yeye.

Faida yake ilionekana haraka. Kwa mara ya kwanza wanawake wengi wa vijiji vya pwani walishika fedha zao wenyewe kila mwezi. Walinunua vyombo, sare za shule na mabati. Wengine walijenga nyumba kwa majina yao. Lakini ndani ya nyumba fedha hizo zilizusha mazungumzo mapya. Sheria yasema chakula na mavazi ni juu ya mume. Mume aliyemwona mkewe anazo fedha alijaribiwa kulegeza mkono. Pengine mke alijikuta amechukua mzigo wa mume pamoja na wake, huku kazi yake ikiendelea kuitwa ya kusaidia tu. Katika nyumba nyingine mume na mke walishika kazi pamoja, yeye akibeba magunia mazito na kupiga vigingi, na mapato wakayapangia shauri moja. Hakuna hukumu moja iwezayo kuzifaa nyumba zote. Lakini kila nyumba ililazimika kulipatia jibu.

Jambo la tajiri lilibaki na giza lake. Kampuni za ununuzi ziliwapa wakulima kamba na vifaa, na kwa ajili hiyo mkulima aliyevipokea alitazamiwa kuiuzia kampuni hiyo hiyo, kwa bei iliyopangwa nayo. Hakuitwa mwajiriwa; aliitwa mkulima. Mbegu zilipokufa kwa joto la maji, kama ilivyoupata zaidi mwani wa aina ya cottonii wenye bei nzuri, hasara ilikuwa yake. Mgongo ulipouma na macho yalipowashwa na maji ya chumvi na jua, hapakuwa na wa kumwambia. Yule mfanya biashara wa Uingereza aliyegawa nyuzi vijijini angeyatambua mapatano haya mara moja.

Mwezi wa Juni 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba namba 177 juu ya kazi za nyumbani. Mkataba huo wasema kuwa mfanyakazi wa nyumbani ni mtu afanyaye kazi kwa malipo, nyumbani kwake au mahali pengine apachaguapo mwenyewe, ili kutoa kitu kama atakavyo mwajiri, bila kujali ni nani aliyetoa vifaa. Maneno hayo machache yalitafuta kukivuka kizingiti kile kilichotajwa mwanzoni. Mwani wa Pemba haumo ndani yake moja kwa moja, kwa kuwa mkulima huhesabiwa kujitegemea. Lakini msingi wa mkataba, yaani kwamba kazi haiachi kuwa kazi kwa sababu imefanywa chini ya paa la aifanyaye, wamhusu yeye sawasawa na mshona nguo wa Asia au karani wa Ulaya aliyerudishwa nyumbani na mashine yake.

Hapo ndipo mwaka 2020 unapoonekana vizuri. Makarani wa miji mikubwa walilalamika ya kuwa umeme wa tajiri walilipa wao, chumba cha tajiri kilikuwa chao cha kulala, na saa za tajiri hazikuwa na mwisho. Wengine walifurahi kuwa karibu na watoto na kuepukana na safari za kila siku. Yote mawili yalikuwa kweli, kama yalivyokuwa kweli barazani Pemba. Tofauti ni kwamba karani alikuwa na mkataba wa kazi kabla hajaingia nyumbani, akaweza kuushika mkononi na kudai. Mchambuaji wa karafuu na mfunga mbegu za mwani hawakutoka ofisini kurudi nyumbani. Kazi yao ilizaliwa humo humo, haina karatasi.

Dalili za kubadilika zipo, nazo zafaa kutajwa kwa uadilifu. Bei ya karafuu ilipandishwa sana baada ya mwaka 2010, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar limepata kuwalipa fidia watu walioanguka mikarafuu wakati wa mavuno. Katika miaka ya 2020 Serikali ya Mapinduzi imejenga kiwanda cha mwani Chamanangwe, huko huko Pemba, ili mwani usiondoke wote ukiwa ghafi. Wanawake katika vikundi vya ushirika hutengeneza sabuni na unga wa mwani, wakapanga bei wenyewe. Fidia ya aliyeanguka ni jambo jema. Hata hivyo yakumbusha jinsi ilivyo rahisi kumhesabu aliye juu ya mti, na ilivyo vigumu kumhesabu aliye chini ya taa. Kwani wa kwanza huanguka mara moja watu wakiona, na wa pili huchakaa kidogo kidogo kwa miaka 40, pasipo siku maalumu ya kuandikwa.

Wapemba, kama Waswahili wote, husema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Vibaba 4 hufanya pishi 1, na kwa pishi ndivyo karafuu zilivyolipiwa tangu siku za amri ya 1897. Pishi hujazwa na mchumaji aliyepanda, na mkewe aliyechambua, na mama yake aliyezitazama karafuu zisiliwe na mvua, na binti aliyesinzia juu ya jamvi kitabu chake cha shule kikiwa kimefungwa. Kwa muda mrefu hesabu imeanza pale pishi lilipokwisha kujaa. Nyumba za Pemba zimekuwa zikifanya hesabu nyingine, ianzayo penye haba ya kwanza, na zaijua kwa moyo.